Pima Kwanza, Ndipo Tugombane

Mama yake Kocha alifika kambini siku ya wageni, wakati watoto walikuwa majini, akasimama nje ya uzio wa bwawa la kuogelea kama mtu aliyekuja kutazama nyumba ya kupanga. Hakuingia. Alishika waya wa uzio kwa vidole viwili, akatafuta kwa macho, akanipata mimi kabla hajampata mwanawe.

Nilikuwa nimejiandaa tangu Kocha aliponiambia kwamba mama yake amekubali kuja. Nilipiga pasi sare yangu ya unesi, nikasuka nywele upya, nikajisemesha mbele ya kioo kama mwendawazimu: shikamoo mama, karibu mama, habari za safari mama. Lakini aliponitazama tu, maneno yote yaliniruka. Wapo watu wanaokutazama wakakuona wewe. Mama huyu alinitazama akamwona marehemu.

Nisiwazungushe, wasomaji wangu. Hii ni kambi ya likizo ya watoto na vijana wenye kisukari. Hapa ndipo nilipoletwa nikiwa na miaka kumi na mitatu, nimenuna, nikiamini kwamba duniani kote ni mimi peke yangu ninayejidunga sindano kabla ya kula. Siku hiyohiyo nikapewa jicho. Ndivyo tunavyomwita mwenzako wa kambi: kila mtoto anakuwa na mwenzake wa kumwangalia usoni, aijue rangi yake, jasho lake, kicheko chake na kisirani chake, ili sukari ikimshuka ajue mapema. Maana sukari ikishuka, mwenyewe ndiye wa mwisho kujua.

Jicho langu alikuwa msichana tuliyemwita Chiriku, kwa sababu ya mdomo wake. Alikuwa akiongea hata anapopiga mswaki. Likizo mbili tulilala kitanda kwa kitanda. Ya tatu nilimtandikia, nikakaa mlangoni pa bweni kumsubiri, na hakuja. Tuliambiwa alilala nyumbani kwao mchana mmoja, asiamke.

Kocha ni kaka yake. Alikuwa mbali, shule ya bweni, dada yake alipofariki, na alipokua akaja kambini kufundisha watoto kuogelea, nadhani kwa sababu hakujua pengine pa kupeleka huzuni yake. Mimi nami nilirudi nikiwa nesi. Tukaanza kupendana vivi hivi, bila kukusudia, kando ya maji, yeye na filimbi shingoni, mimi na kipimo cha sukari mfukoni. Mwanamume mpole, ana mabega mapana na sauti ya chini, akicheka unajikuta umecheka kabla hujajua kichekesho. Lakini kila aliponitazama alianza na paji la uso, kutafuta jasho, ndipo ashuke kwenye macho. Nilimpenda hivyo hivyo. Tulipokaa wawili kwenye benchi tuliacha nafasi katikati bila kuambizana, na mara nyingine nilijiuliza katika kukaa huko anayependwa hasa ni nani.

Alipomwambia mama yake kwamba anataka kunioa, mama aliiacha chai ikapoa, kisha akasema maneno mawili tu: "Yule hapana." Sababu hakutoa. Mimi nilimwambia Kocha waziwazi kwamba siingii katika nyumba ambayo mwenye nyumba hanitaki, wala siolewi niwe kivuli cha mtu. Basi likabaki hilo. Siku ile ya wageni ndiyo ingeamua.

Nikatoka nje ya uzio kumlaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Macho yake yalipita usoni pangu polepole. "Umekuwa mtu mzima."

"Ndiyo, mama."

"Mlikuwa rika moja."

"Alinizidi kidogo. Na hakuacha kunikumbusha."

Midomo yake ilitaka kucheka, kisha ikakataa. Alivaa gauni la bluu lililofungwa mpaka shingoni, na mkoba ameubana kwapani kama watu wanavyoubana wakipita sokoni.

"Karibu ndani, mama, ukae kivulini. Jua kali."

"Hapa panatosha. Nimeitwa na mwanangu, nitamsikiliza mwanangu. Wewe fanya kazi yako."

Nikarudi kwenye kazi yangu huku shingo ikiwaka. Kocha alinitupia jicho kutoka upande wa pili wa bwawa, swali zima likiwa kwenye nyusi zake. Nikampa ishara ya kichwa: mwache kwanza.

Akapuliza filimbi. "Haya, nje wote! Kupima, kisha mchezo wa mwisho."

Watoto wakatoka wakichuruzika maji, wakapanga mstari kwenye meza yangu, wakafuta vidole. Kila mmoja na jicho lake. Alibaki mmoja majini, msichana wa miaka kumi na mitano ambaye kambi nzima ilimwita Wakili, kwa kuwa hata ukimwambia leo ni leo atakuuliza ushahidi.

"Wakili, toka," Kocha akasema.

"Sitoki! Kwa nini kila siku mimi?"

"Si wewe peke yako. Wenzako wote wametoka."

"Nilipima asubuhi. Kwani asubuhi imefutwa?"

Watoto wakaangua kicheko. Hata mimi nilitabasamu, maana hilo lilikuwa Wakili mtupu. Lakini jicho lake, msichana mwembamba aliyeongea kwa nadra, alinivuta sare.

"Nesi, yule siye."

"Kwa nini?"

"Wakili akibishana hucheka kwa upande mmoja wa mdomo. Sasa hivi hacheki."

Nikamtazama vizuri. Kweli. Midomo ilikuwa imepauka, na mkono ulioshika ukingo wa bwawa ulikuwa unatetemeka, jua lote lile. Kocha alishaona. Aliingia majini na nguo zake, viatu na vyote, akamsogelea bila kumkamata.

"Usinishike!" Wakili akapiga kelele, na sauti yake ikawa si yake. "Niache! Nakuchukia! Nawachukia wote!"

Nilisikia waya wa uzio ukilia. Mama alikuwa ameushika kwa mikono miwili.

"Sawa, nichukie," Kocha akasema, sauti ileile ya chini. "Una haki. Ila sheria ya kambi unaijua. Inasemaje?"

Wenzake ndio waliojibu, kwa pamoja, bila kucheka tena: "Pima kwanza, ndipo tugombane!"

Hii ndiyo sheria yetu kubwa. Hapa hakuna mtoto anayekaripiwa, kuadhibiwa wala kubishiwa kabla kidole chake hakijatoa tone la damu. Umemwaga chakula, pima. Umemtukana mwenzako, pima. Ikiwa sukari iko sawa, basi makosa ni yako na utayajibu. Ikiwa imeshuka, hakuna kesi. Mpishi mwenyewe, ambaye hana kisukari, siku moja alimfokea muuza maziwa, na watoto wakamletea kipimo.

Kocha akaegemea naye ukingoni, nikapiga magoti, nikachukua kidole kimoja cha yule mtoto na kukitoboa. Kipimo kikafikiri. Mbili nukta nane, na chini ya nne tayari ni hatari.

"Juisi," nikasema, na jicho lake lilikuwa limeshatoboa boksi.

Tulimtoa majini tukamkalisha kwenye taulo. Alikunywa kwa hasira, kisha kwa uchovu, kisha akaegemea bega la mwenzake. Hatukumwacha peke yake hata dakika moja. Baada ya robo saa nikapima tena, imepanda hadi nne nukta tisa, nikampa biskuti. Rangi ikarudi midomoni kidogo kidogo, na yeye akarudi nayo. Akamtazama Kocha kwa mshangao.

"Kocha, mbona umeoga na viatu?"

"Nilikuwa nakufuata."

"Mimi? Nilifanya nini?"

"Ulisema unanichukia."

Mtoto wa watu akafunika uso, machozi yakamtoka. "Sikusema! Wallahi siwezi kusema hivyo!"

"Hukusema wewe. Ilikuwa ni sukari inasema." Akamfinya pua. "Wewe ukinichukia utaniletea vifungu vya sheria."

Akacheka. Kwa upande mmoja wa mdomo.

Nilipogeuka kwenye uzio, mama hakuwepo.

Nilimkuta bweni la wasichana. Sijui nani alimwelekeza. Madirisha yalikuwa wazi, mataulo yameanikwa kwenye vyuma vya vitanda, mabegi yamefungwa nusu kwa ajili ya kurudi nyumbani kesho yake. Alikuwa amesimama katikati ya safu mbili za vitanda, mkoba bado kwapani.

"Alilala kipi?" akaniuliza bila kugeuka.

"Kile cha dirishani. Changu hiki cha pembeni yake."

Akaenda kukaa juu ya kile cha dirishani. Akapitisha kiganja juu ya shuka ya mtoto mwingine kama anayefuta makombo.

"Yule msichana," akasema. "Amepona?"

"Amepona, mama. Anamalizia biskuti."

"Upesi hivyo?"

"Ikiwahiwa ni upesi hivyo."

"Juisi tu."

"Juisi, na mtu wa kukaa naye."

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeingia bweni lile maelfu ya mara, nikiwa mtoto na nikiwa nesi, na kila mara kulikuwa na kitu kwenye kona ile ya dirisha, si sauti, si mtu, ni kama mazungumzo yaliyokatika mtu akaenda kuchukua maji na atarudi sasa hivi kuyamalizia. Sikuwahi kumwambia yeyote. Siku ile nilijua mama naye anakisikia.

"Mwanangu anasema nikupe sababu," akasema. "Ulidhani ni nini? Ugonjwa?"

"Ndiyo, mama. Nilidhani unaogopa kuzika tena."

"Naogopa. Lakini si hilo."

"Au kwamba nilirudi mimi, yeye hakurudi."

"Hilo lilikuwa la mwanzo." Hakunificha. "Mwaka wa kwanza nilikuchukia. Nilikuona siku ya arobaini yake, umekaa na mama yako, anakupa kitu cha kula, nikasema, Mungu, kwa nini wa yule ndiye aliyebaki? Sasa hapana. Sasa nakuogopa wewe mwenyewe."

"Mimi, mama? Nimekufanyia nini?"

"Bado. Lakini utaolewa, utakuja kwangu, tutakaa jiko moja. Mama mkwe na mke wa mwana, hata wawe malaika, siku moja watagombana. Utapandisha sauti. Utanijibu vibaya. Na mimi nitasimama pale, sijui anayenijibu ni nani."

Sikumwelewa. Au nilianza kumwelewa, nikakataa.

"Mama, alilala, siyo? Tuliambiwa alilala."

"Alilala." Akauweka mkoba sakafuni. "Ilikuwa wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa ameshajidunga dawa yake ya kushusha sukari. Nikampakulia. Akasema hataki. Nikamwambia kula, umeshachoma sindano. Akasukuma sahani, ikaanguka, ikavunjika. Akaniambia nakuchukia. Mtoto niliyemzaa, hajawahi kuniambia neno kama hilo. Niliona ni utovu wa adabu. Umri ule, nikasema, wote wako hivyo. Nikamshika mkono nikamwingiza chumbani. Nikafunga kwa nje. Nikamwambia utatoka ukiwa tayari kuniomba radhi."

Nje watoto walikuwa wakiimba wimbo wao wa kukausha nguo. Ndani palikuwa kimya hata nikasikia tone likidondoka sakafuni, tone baada ya tone. Nikageuka. Kocha alikuwa mlangoni, nguo zimelowa, maji yanamchuruzika. Sijui amesikia kuanzia wapi. Mama hakumwona, au alimwona akaamua kumaliza.

"Aligonga mlango kidogo. Si kwa nguvu. Kisha akaacha. Nikasema, afadhali, hasira zimeisha, amelala. Nikafagia vigae vya sahani. Nikaosha vyombo." Akanitazama sasa. "Mimi niliosha vyombo, nesi. Nikaanika na nguo. Nilipofungua jioni, nilikuwa nimemwekea chakula chake kwenye sahani nyingine."

Kocha akaita, "Mama."

"Ulikuwa ukiniuliza kila mara," akamwambia. "Alilala vizuri, mama? Nami nakujibu alilala vizuri."

Mimi najua kazi yangu. Wanesi tunafundishwa maneno ya kumwambia mzazi kama huyu: hukujua, hakuna aliyekufundisha, usijilaumu. Maneno mazuri, na ya kweli. Niliyatafuta. Badala yake nikamsogelea mama, jasho likinitoka kwenye paji la uso.

"Ulifunga mlango," nikasema.

"Mpenzi," Kocha akasema.

"Aligonga, mama! Alikuwa anaomba msaada kwa—"

"Mpenzi wangu, tafadhali." Alikuwa ameingia, ananiangalia paji la uso. "Pima kwanza."

Ee, siku ile nilimpenda na kumchukia kwa pumzi moja. Wasio na ugonjwa huu hawajui uchungu wake. Ukikasirika, sukari. Ukilia, sukari. Ukipenda sana, sukari. Unaishi na watu wema wanaokunyang'anya hata hasira zako na kukupa boksi la juisi.

"Sipimi! Hasira hii ni yangu! Nimeibeba tangu nina miaka kumi na mitano, sijui nimpe nani, leo nimempata mwenyewe, halafu wewe unaniambia—"

"Naomba."

Hakuwa Kocha. Alikuwa mama. Alikuwa amesimama, mikono ameikutanisha mbele ya kifua kama anayeomba maji, uso wake umeisha damu.

"Naomba upime, binti yangu. Usinikasirikie kabla hujapima. Sitaweza tena. Nitakufa hapa hapa."

Nikatoa kipimo mfukoni. Nikakosa kuichomeka stripu, kile kijikaratasi cha kupokea damu, mara ya kwanza. Mama akainama kutazama, karibu kabisa, nikasikia pumzi yake mkononi mwangu. Nikajitoboa. Sote watatu tukasubiri juu ya kitu kidogo kisichozidi kiganja.

Sita nukta nne.

"Ndiyo nini?" mama akauliza.

"Ni nzuri. Niko sawa."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Unanikasirikia kweli."

"Kweli kabisa."

Akakaa kitandani taratibu, akaweka mikono magotini. "Basi sema," akasema.

Nikasema. Nililia na kusema. Nilimwambia kwamba nilimtandikia Chiriku kitanda kile likizo ya tatu, nikakaa mlangoni mpaka magari yote yakaisha, na nikaulaumu mwili wake, nikaulaumu mwili wangu, nikaogopa kulala kwa miaka kwa sababu niliambiwa tukilala tu basi tunakufa. Nilimwambia kwamba mtoto wake hakumchukia hata siku moja, alikuwa akitusomea barua za mama yake kwa sauti mpaka tukamwomba anyamaze. Nilimwambia alifunga mlango na hakupaswa kufunga, kwamba mtoto alipogonga alipaswa kufunguliwa, kwamba ningekuwepo mimi ningemwona usoni. Na kwamba, kama angetuambia ukweli, mimi na kaka yake, tungejua tunalia nini. Sauti yangu ilikuwa kubwa. Nilisikia wimbo wa watoto nje ukikoma.

Mama hakujitetea. Alisikiliza kama mtu aliye na kiu. Nilipomaliza, machozi yalikuwa yanamtiririka, naye hayafuti.

"Watu walijaa nyumbani," akasema. "Shangazi zake, majirani, wote. Kazi ya Mungu. Yaliyopita si ndwele. Si kosa lako, mama. Hawakujua nilichofanya na wananiambia si kosa langu. Miaka yote hii hakuna hata mmoja aliyenigombeza kwa ajili yake. Kama vile hakuwa na mtu."

"Alikuwa na mtu," nikasema.

"Ndiyo. Naona."

Kocha alikuwa amechuchumaa, mgongo kwenye kitanda cha pili, maji yamefanya dimbwi chini yake. Nilitaka kumshika, nikaogopa. Alizungumza akitazama sakafu.

"Nimekukasirikia, mama. Sijui itaisha lini."

"Najua, baba. Wewe huna hata haja ya kupimwa."

Alitoa sauti iliyokuwa nusu kicheko, nusu kilio, akafunika uso kwa mikono yake yenye maji. Na mama yake akashuka kitandani, na gauni lake la bluu, akakaa kwenye dimbwi lile karibu naye. Hakumgusa. Alikaa tu, mabega yao yakabaki na nafasi ya mtu katikati. Niliitazama nafasi ile. Kisha nikaenda nikakaa hapo, si kwa ujasiri, ila hapakuwa na mahali pengine nilipotaka kuwa.

Mama ndiye aliyeanza kusema.

"Unapika?"

"Vibaya."

"Mwanangu ameniambia. Nilidhani anatania." Akapangusa pua kwa nyuma ya mkono. "Atakwenda baba yake mdogo kwenu. Watapanga siku. Nilisema yule hapana, sasa nasema yule huyo huyo. Lakini nisikilize, nisije nikakudanganya. Mimi sitapona. Kuna siku utapita jikoni, utacheka au utaweka kikombe mezani kwa namna fulani, nami sitakuona wewe. Nitamwona yeye. Nitaondoka bila kuaga, niende chumbani kwangu. Siku hiyo usinifuate."

"Nitakufuata, mama."

"Nimekwambia usinifuate."

"Nitakufuata."

"Nitafunga mlango."

"Nitagonga."

"Sitafungua. Mimi mbishi, muulize huyu. Nitakaa humo kimya, hutasikia kitu."

"Basi nitauvunja."

Alinigeukia. Alinitazama kwa muda, uso mzima, kama anayenisoma jina. Kisha akachukua mkono wangu, ule wenye kidole kilichotobolewa, akauweka mapajani mwake na kuufunika kwa mikono yake miwili.

"Uvunje," akasema.